MKO Abiola: Sonko wa Nigeria aliyekataa kuuza kura za watu, akafia kizuizini siku ya Saba Saba

Tarehe 7 Julai ikifika hapa Kenya unajua rada. Barabara za kuingia tao zinafungwa, mathee anakupigia simu mapema akikuambia usitoke kwa nyumba, na wazee wa mtaa wanaanza stori za 1990, za Matiba na Rubia na Kamukunji. Sasa ongeza hii kwa hiyo tarehe. Saba Saba ya mwaka wa 1998, kule Abuja, Nigeria, jamaa mmoja tajiri vibaya sana, mwenye timu ya mpira, magazeti na kampuni ya ndege, alikufa akiwa mikononi mwa serikali. Kosa lake? Alishinda uchaguzi wa urais halafu akakataa kusema hakushinda.

Anaitwa Moshood Kashimawo Olawale Abiola. Wanaijeria walimkatia jina likawa MKO. Kama wewe ni wa juzi, pengine hilo jina umelisikia tu kwa mtangazaji wa mpira, Super Eagles wakicheza nyumbani kwa stedi yao ya Abuja. Hiyo stedi ni ya huyu msee, na tutafika hapo.

Anza na hilo jina la katikati, Kashimawo. Abiola alizaliwa 24 Agosti 1937 Abeokuta, mji wa Wayoruba kusini magharibi mwa Nigeria. Alikuwa mtoto wa 23 wa babake, na wote waliomtangulia walikuwa wamekufa wakiwa wadogo. Hebu fikiria hiyo nyumba. Wazazi walikuwa wamezika hadi wakachoka kutafuta majina, kwa hivyo huyu walimwita Kashimawo, maana yake tungoje tuone. Jina la Moshood alikuja kulipata akiwa na miaka 15, familia ilipokubali kwamba huyu sasa amekaa.

Babake alifanya biashara ya kakao lakini haikuwa inashika, na nyumbani kulikuwa kumekauka. Akiwa na miaka 9 MKO alikuwa anaamka giza likiwa bado nene, anaingia msituni kuokota kuni, anaziuza, ndio aende shule. Akiwa barobaro akaunda bendi. Mwanzoni walikuwa wanacheza kwa sherehe za watu na malipo ni sahani ya chakula, basi. Jina lilipokua akaanza kudai doh. Hiyo tabia ya kujua kazi yake ni ya pesa ngapi haikumtoka tena.

Shuleni, Baptist Boys' High School pale pale Abeokuta, alikuwa mhariri wa jarida la wanafunzi. Naibu wake alikuwa kijana mwingine wa huko huko, Olusegun Obasanjo. Weka hilo jina mfukoni, utalihitaji.

Akafanya kazi ya karani kwa benki, akapata ufadhili akaenda Glasgow, Scotland, kusomea uhasibu, akarudi nyumbani na digrii. Akahesabu pesa za hospitali kubwa Lagos, akapitia kampuni ya dawa ya Pfizer, na mwaka wa 1969 akaingia ITT, kampuni ya Wamarekani ya mambo ya simu na mawasiliano. Hapo ndipo maisha yalibadilika gia.

Stori ni hivi. Jeshi la Nigeria lilikuwa na deni kubwa la ITT na hakuna mtu alikuwa na ubavu wa kwenda kudai askari pesa. Abiola akaenda. Akarudi na malipo. Wadosi wa Marekani wakaona huyu si wa kuachwa nyuma ya dawati, na haikuchukua muda akawa ndiye anayeendesha ITT Nigeria, baadaye akapewa cheo cha makamu wa rais wa kampuni hiyo kwa Afrika na Mashariki ya Kati. Na kwa kuwa Nigeria ya wakati huo ilikuwa inatawaliwa na majenerali karibu miaka yote, kujuana na majenerali kulikuwa ndio biashara yenyewe. Kandarasi za simu zikaja. Mkwanja ukaja wa kutisha.

Nisikudanganye, si kila mtu alimpenda. Wanaijeria walikuwa wanapiga simu haziendi, na wakiangalia wanaona mwenye kandarasi anazidi kung'aa. Fela Kuti, unamjua Fela, hakuogopa mtu, alitoa wimbo mzima akizigeuza zile herufi za ITT kuwa International Thief Thief, na akawataja Abiola na Obasanjo kwa majina. Fela pia alikuwa na kinyongo chake na Abiola mambo ya kampuni ya rekodi. Lakini shutuma ilibaki mtaani, na mtu akikupa stori ya MKO bila Fela, ujue anakuuzia mtakatifu. Huyu hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu wa ndani kabisa wa ule mfumo uliokuja kummaliza.

Pesa alizitumia vipi? Alifungua kampuni ya magazeti ya Concord mwaka wa 1980, akaongeza mashamba, viwanda vya mikate, kampuni ya mafuta, na ndege zenye jina la Concord. Alijenga madarasa, misikiti, na hata makanisa, ingawa yeye alikuwa Mwislamu. Jamii moja baada ya nyingine ikampa cheo cha kienyeji mpaka ikawa ngumu kuhesabu. Kikubwa zaidi alipewa mwaka wa 1988: Aare Ona Kakanfo, jemadari mkuu wa Wayoruba tangu enzi za ufalme wa Oyo. Cheo hicho wazee wanakiogopa, kwa sababu wengi waliokivaa hawakufa kitandani kwao. Aliyemtangulia, Samuel Akintola, alipigwa risasi kwa mapinduzi ya Januari 1966. MKO alijua hayo yote na akakivaa.

Sasa mpira, maana najua wengine mmefungua hii kwa sababu ya mpira.

Abiola alikuwa anamwaga pesa kwa michezo mpaka wakamwita Nguzo ya Michezo Afrika. Na alikuwa na timu yake mwenyewe pale Abeokuta, Abiola Babes. Miaka ya 80 mpira wa Nigeria ulikuwa umezoea vilabu vya serikali za majimbo, halafu matajiri na makampuni wakaingia: Leventis United ya Ibadan, Iwuanyanwu Nationale ya Owerri, na hawa vijana wa MKO. Abiola Babes walichukua kombe la FA la Nigeria mara mbili, 1985 na 1987. Leo timu haipo tena. Lakini kuna mshambuliaji mmoja mrefu, mwenye mguu wa bunduki, aliyevaa jezi yao kuanzia 1984 hadi 1987 kabla ya kuvuka kwenda Ivory Coast na baadaye Ureno. Rashidi Yekini.

Ile picha unaijua hata kama hukuwa umezaliwa. Dallas, 21 Juni 1994, Nigeria dhidi ya Bulgaria, gemu ya kwanza kabisa ya Nigeria kwa Kombe la Dunia. Yekini anafunga, anaingia ndani ya goli, anapitisha mikono kwenye nyavu na kuzishika akilia. Ndilo bao la kwanza la Nigeria kwa Kombe la Dunia. Iliisha 3-0 na nchi nzima ikawa ni sherehe.

Siku mbili baadaye, 23 Juni, polisi walimkamata Abiola.

Turudi mwaka mmoja nyuma uelewe. Jenerali Ibrahim Babangida alikuwa ameshika nchi tangu 1985 na alikuwa ameahidi kurudisha utawala kwa raia. Akaunda vyama viwili, akaviandikia hadi sera. Abiola, beshte yake wa miaka mingi, akachukua tikiti ya SDP. Mpinzani wake wa NRC alikuwa Bashir Tofa, mfanyabiashara wa Kano. Nigeria unajua mambo yake: kaskazini na kusini, Waislamu na Wakristo, Wahausa, Wayoruba, Waigbo. Abiola, Mwislamu wa kusini, akamchagua Mwislamu mwingine, Baba Gana Kingibe, awe mgombea mwenza. Kila mtaalamu wa siasa alisema hapo amejichimbia kaburi.

Watu wakapiga kura 12 Juni 1993 na hawakujali. Abiola alipata zaidi ya kura milioni 8, Tofa hakufika milioni 6. Abiola alishinda hata Kano, nyumbani kwa Tofa. Sisi huku tumezoea kura za kabila, jaribu kufikiria mgombea anapigwa kwao na mtu wa mbali, tena bila fujo. Mpaka leo wengi husema ndio uchaguzi safi zaidi ambao Nigeria imewahi kuwa nao.

Tarehe 23 Juni Babangida akaufuta. Tangazo lilikuja kwa karatasi isiyo na sahihi ya mtu. Vijana wakajaa barabara za Lagos, wakapigwa risasi, wengi wakafa. Agosti Babangida akatoka akaacha serikali ya muda chini ya Ernest Shonekan, mtu wa Abeokuta pia, na Novemba Jenerali Sani Abacha akamtoa Shonekan na kukalia kiti mwenyewe.

Hapa ndipo mimi huwa nasimama na hii stori. Angalia hali ya MKO wakati huo. Ana miaka 56. Pesa anazo, wake na watoto wengi, nyumba, marafiki nje ya nchi. Angetulia London akatoa taarifa kwa waandishi mpaka azeeke. Pia angepatana na Abacha, si walijuana? Maisha yake yote yalikuwa ya kupatana na wenye bunduki. Kila kitu kilikuwa na bei na yeye alikuwa bingwa wa bei.

Badala yake, 11 Juni 1994, alisimama Epetedo, mtaa wa watu wa kawaida kisiwani Lagos, akajitangaza rais halali wa Nigeria. Wiki mbili hazikuisha akawa ndani kwa kesi ya uhaini. Wafanyakazi wa mafuta waligoma wiki kadhaa. Serikali ikafunga Concord. Biashara zikaanza kuanguka moja moja. Akaambiwa atatoka akiachana na madai yake ya urais. Akakataa. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, na jibu likawa lile lile.

Nje, mkewe Kudirat akashika usukani. Aliongea na wafanyakazi, aliongea na mabalozi, aliongea na vyombo vya habari, hakunyamaza. Tarehe 4 Juni 1996 gari lake lilimiminiwa risasi Lagos mchana kweupe, akafa.

MKO alifungiwa peke yake sehemu kubwa ya ile miaka minne. Kofi Annan alipoenda kumwona katikati ya 1998, Abiola hakumtambua. Hakuwa na habari kwamba Umoja wa Mataifa una katibu mkuu mpya, na Annan alikuwa kazini tangu Januari 1997. Huyo ni mtu aliyekuwa na kampuni nzima ya magazeti.

Abacha alikufa ghafla 8 Juni 1998. Kila mtu akajua MKO anatoka. Ujumbe wa Marekani ukaenda kumwona Abuja tarehe 7 Julai, akina Thomas Pickering na Susan Rice. Katikati ya mazungumzo, chai ikiwa mezani, Abiola akaanza kujisikia vibaya. Akapelekwa hospitali, akafa siku hiyo hiyo. Madaktari wa kutoka nje waliochunguza mwili walisema ni moyo, ugonjwa wa muda mrefu. Mitaani Lagos mpaka kesho watakuambia ni ile chai.

Wakenya wa enzi hizo walisoma hiyo habari wakamfikiria Matiba: naye tajiri wa mahoteli, naye aliwahi kuongoza shirikisho la mpira, naye aliingia kizuizini mzima akatoka na kiharusi. Na kuna uzi mwingine wa kuja kwetu. Mwaka wa 1992 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipounda jopo la kudai fidia ya biashara ya utumwa, mwenyekiti alikuwa Abiola, na mmoja wa wanajopo alikuwa Ali Mazrui wa Mombasa.

Toa sasa lile jina mfukoni. Uchaguzi wa 1999 ulishindwa na Obasanjo, yule naibu mhariri. Alikaa ikulu miaka 8, akafanya 29 Mei, siku aliyoapishwa yeye, kuwa siku ya demokrasia. Tarehe 12 Juni hakuigusa. Ilibidi kungoja Muhammadu Buhari, jenerali mwingine, ambaye 2018 alimpa Abiola nishani ya GCFR, ile ya marais, na kuhamishia siku ya demokrasia 12 Juni. Mwaka uliofuata stedi ya taifa Abuja ikaitwa Moshood Abiola. Sisi stedi zetu kubwa ni Moi na Nyayo, zote za mtu mmoja aliyekalia kiti miaka 24. Wao yao ina jina la mtu ambaye hakukikalia hata siku moja.

Na Babangida? Februari 2025, akiwa na miaka 83, alizindua kitabu cha maisha yake hotelini Abuja, na ndani yake akakiri kwamba Abiola alishinda ule uchaguzi. Marais wa zamani walikuwa wamekaa mbele. Siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika, matajiri wa Nigeria walichanga mabilioni ya naira za kumjengea Babangida maktaba.