Adrian Atiman, Mganga na Katekista wa Karema

Kila msiba mkubwa unapoipata nchi, watu huuliza maswali mawili. La kwanza: ni nani aliyeuleta? La pili: tufanye nini? Swali la kwanza hutoka mdomoni upesi, na mara nyingi huzaa dhambi. La pili huja polepole, nalo ndilo liokoalo. Juma hili twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyeishi miaka 67 kando ya Ziwa Tanganyika, kati ya maafa ya kila namna, na maisha yake yote yakawa jibu la swali lile la pili. Mtu huyo ni Adrian Atiman. Watu wa Sumbawanga hulitaja jina lake kila siku, kwa kuwa hospitali ya jimbo mjini humo imepewa jina hilo. Lakini twaogopa ya kuwa wengi hulitaja pasipo kujua lilikotoka.

Atiman hakuzaliwa Ufipa wala Tanganyika. Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto alikamatwa na wezi wa watu, akauzwa, akavushwa jangwa kuu la Sahara mpaka Algeria. Huko Metlili Mapadre Weupe walimkuta, wakamkomboa kwa fedha, naye alikuwa na umri wa miaka kama kumi tu. Basi yeye alijua maafa kabla ya kujua kusoma. Alijua maana ya kupotewa na baba, na mama, na kwao, kwa siku moja.

Wakati huo Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alikuwa na wazo moja kuu. Aliona wamisionari wa Ulaya wakifa kwa homa mmoja baada ya mwingine, akasadiki ya kuwa Afrika itaongolewa na Waafrika wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana waliokombolewa utumwani wafundishwe uganga katika chuo kikuu cha huko, halafu warudi Afrika wakiwa waganga na makatekista pamoja. Tuangalie vema neno hili, pamoja. Kardinali hakutaka kufundisha kundi moja la kuombea wagonjwa na kundi lingine la kuwatibu. Alitaka mtu mmoja ayafanye yote mawili.

Atiman alimaliza masomo yake, na mwaka 1888 akaingia katika msafara wa wamisionari kutoka pwani kwenda bara. Mwaka 1889 akafika Karema. Mahali hapo ni ufuoni mwa ziwa, kaskazini ya uwanda wa Ufipa, na leo ni katika mkoa wa Katavi. Wabelgiji walikuwa wamejenga ngome hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawakabidhi Mapadre Weupe. Ngome ilijengwa karibu na maji, lakini ziwa lilizidi kupungua mwaka hata mwaka, likaiacha mbali katika nchi kavu. Ndiyo nchi aliyopewa Atiman, ambayo hata ziwa lake halikutulia mahali pake. Akaoa binti wa mtemi wa Wabende, akawa mwenyeji. Mwanawe Joseph alipewa daraja ya upadre mwaka 1923. Mtoto aliyeuzwa jangwani akawa baba wa padre.

Maafa hayakungoja apumzike. Tangu mwaka 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kuua ng'ombe wasiohesabika, na wafugaji matajiri wakawa maskini kwa msimu mmoja. Nzige walikula mashamba. Funza, mdudu aliyeletwa kutoka ng'ambo ya bahari ya magharibi, aliingia katika nyayo za watu ambao hawakujua namna ya kumtoa, wengi wakawa vilema. Ndui nayo ilikuwa na desturi ya kufuata njia za misafara. Katika siku hizo za kwanza, katika eneo kubwa la ufuo wa ziwa, mtu mwenye elimu ya uganga wa chuoni alikuwa yeye Atiman.

Halafu, mwanzoni mwa karne ya 20, ukaja ugonjwa wa malale. Katika nchi ya Busoga na visiwa vya Uganda ulikuwa umeua watu kwa maelfu na maelfu, ukafika pia Ziwa Tanganyika. Mbung'o aliyeuchukua alikaa katika vichaka karibu na maji, yaani mahali pale pale walipoteka maji akina mama na walipovua samaki akina baba. Wakati ule hapakuwa na dawa ya hakika. Ile iitwayo atoksili ilisaidia wengine, lakini wengine iliwapofusha macho. Serikali ya Wadachi ilifyeka vichaka, ikajenga kambi za wagonjwa, ikawahamisha watu wa ufuoni. Vijiji vya zamani vikabaki mahame. Mganga wa kazi kama hiyo hapati sifa ya kuponya wengi. Kazi yake kubwa ni kukaa, kumwosha mgonjwa asiyejijua tena, kumfundisha Baba Yetu yule awezaye bado kusikia, na kumzika kwa heshima asiyepona. Atiman alikaa.

Juu ya hayo yote, tarehe 13 Desemba 1910, mchana, nchi yenyewe ikatikisika. Tetemeko hilo, lenye nguvu ya 7.4, ni kubwa kuliko yote yaliyopimwa kwa vyombo katika Afrika Mashariki. Asili yake ilikuwa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na wataalamu wa miamba hulihusisha na ule ufa wa Kanda, upitao uwandani Ufipa karibu na Sumbawanga. Atiman alikuwa amekwisha kukaa Karema miaka 21. Askofu wake alikuwa Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza vikarieti la Tanganyika tangu mwaka 1891 mpaka alipofariki Karema mwaka 1917, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1913 kinasimulia mengi juu ya Wafipa na desturi zao. Nyumba za miti na udongo zilitikisika, nyingi zikastahimili. Nyumba za matofali na mawe, zilizojengwa kwa namna ya Ulaya, ndizo zilizopasuka na kuanguka zaidi. Basi si nyumba za wasiobatizwa zilizopata hasara kubwa, bali zile za misioni.

Jambo hilo lina fundisho. Kama tetemeko lingekuwa fimbo ya kuwapiga wabaya na kuwaacha wema, je, lingeanza na kuta za mapadre? Bwana wetu mwenyewe alikwisha kutuonya. Walipomletea habari za watu waliouawa, aliwakumbusha wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata ya kuwa walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wote wa Yerusalemu. Kisha akawageuzia neno wasikiaji, watubu wao wenyewe. Mkristo akiona maafa hachunguzi dhambi za jirani. Hutazama moyo wake, halafu hutazama ni nani anayehitaji msaada.

Kanisa lilikuwa na sala ya siku kama hizo. Katika Litania ya Watakatifu, iliyoimbwa kwa maandamano kila tarehe 25 Aprili na siku tatu kabla ya Kupaa kwa Bwana, waamini waliomba waokolewe na tetemeko la nchi, na tauni, na njaa, na vita. Sala hiyo haimtaji mchawi, wala haimshtaki mtu. Humwendea Mungu moja kwa moja, nayo husaliwa na wote, mzee na mtoto, mwenye nyumba nzima na mwenye nyumba iliyoanguka. Na maandamano yakiisha, kila mtu huenda kazini: huyu kwenye ukuta wa kujenga tena, huyu kwa mgonjwa.

Hivyo ndivyo alivyoishi Atiman. Vita vya 1914 vilipita, na mwisho wake mafua makali ya 1918 na 1919 yaliyozunguka dunia nzima. Serikali ya Wadachi iliondoka, ya Waingereza ikaja. Mganga alibaki. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alitunukiwa nishani kwa utumishi wake, akaendelea na kazi. Alifariki Karema mwaka 1956, mzee wa miaka kama tisini. Jimbo la Karema likaitwa Sumbawanga tangu mwaka 1969, na jina la mganga likapanda uwandani pamoja nalo.

Kwa nini twasimulia habari hizi? Kwa sababu maafa hayakwisha. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilibomoa nyumba na kuua watu Kagera, na hakuna awezaye kutuambia kwamba ule ufa wa Ufipa umelala milele. Maradhi nayo huja na kurudi. Na bado wako kati yetu, hata waliobatizwa, ambao mtoto akifa ghafula humtafuta bibi kizee mwenye macho mekundu. Bado wako wahubiri wanaomwambia mgonjwa atupe dawa zake ili aonyeshe imani. Wa kwanza humwaga damu ya asiye na hatia, wa pili humwua mgonjwa kwa jina la Mungu. Wote wawili wametenga vitu ambavyo Kardinali Lavigerie aliviunganisha katika mtu mmoja.

Basi, enyi baba na mama wa jamaa za Kikristo, siku ya msiba ikifika nyumbani kwenu, zuieni ndimi zisimtaje jirani. Kusanyeni watoto, pigeni magoti, salini Rozari. Kisha simameni, mmbebe mgonjwa mpaka hospitali, na mtu mwingine aende kwa mjane aliyebomokewa nyumba akiwa na jembe mkononi. Atiman aliporwa kila kitu akiwa mtoto, na angeweza kutumia maisha yake yote akiwatafuta waliomwuza. Yeye aliyatumia kwa wagonjwa wa Karema. Mungu ampe raha ya milele, naye atuombee.