George Eyser: Bingwa wa Olimpiki mwenye mguu wa mti

Leo tunamkumbuka George Eyser, mwanajimnastiki aliyetwaa medali sita za Olimpiki kwa siku moja, mguu wake mmoja ukiwa wa mti.

Eyser alizaliwa mwaka 1870 mjini Kiel, Ujerumani. Alipokuwa na miaka 14 familia yake ilihamia Marekani. Mguu wake wa kushoto aliupoteza baada ya kukanyagwa na treni. Mjini St. Louis alikuwa karani wa hesabu katika kampuni ya ujenzi, na alifanya mazoezi katika klabu ya Concordia.

Mwaka 1904 Olimpiki ilifanyika mjini humo. Mwezi Julai, wanajimnastiki walitakiwa pia kukimbia, kuruka na kutupa tufe. Hapo mguu ulimponza, akashika nafasi ya 118.

Hakukata tamaa. Mwezi Oktoba alirudi kwenye mashindano ya vifaa, ambako mikono na mabega ndiyo hufanya kazi kubwa. Alipata dhahabu tatu: katika mapao mawili sambamba, katika kuruka farasi wa mbao, ambako alilingana na Anton Heida, na katika kupanda kamba ya mita saba na nusu, aliyoimaliza kwa sekunde 7. Aliongeza fedha mbili na shaba moja.

Tukumbuke kwamba michezo ya Olimpiki ya watu wenye ulemavu ilianza mwaka 1960 mjini Roma. Eyser, aliyefariki mwaka 1919, alishindana na wenye miguu miwili, kwa kanuni zilezile, akawashinda.