Mzee Karume, siku zake na siku ya Wapemba

KILA unapoingia mwezi wa Januari huwa nahesabu siku mbili, ya 12 na ya 27. Mimi ni mtoto wa Wete, ingawa riziki yangu naitafuta Dar es Salaam. Siku ya kwanza nilifundishwa skuli. Ya pili sikufundishwa na mwalimu yeyote, tuliipata mitaani kwetu. Na kila nikizihesabu namkuta katikati yao mtu aliyefariki karibu miaka 29 kabla ya hiyo ya pili kutokea, naye ni Mzee Abeid Amani Karume.

Ndugu msomaji, maisha ya Mzee Karume yameandikwa sana. Wapo wanaomsifu bila ya kupumua na wapo wanaomlaani bila ya kupumua. Leo nataka tuyapitie kwa njia ya tarehe tu, kwa sababu naamini wanasiasa wetu wote, wa chama chake na wa upinzani, wamesoma katika chuo kimoja, na mwalimu mkuu wa chuo hicho alikuwa yeye.

Kwa mujibu wa historia iliyo rasmi, alizaliwa Mwera, Unguja, mwaka 1905. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Akiwa kijana aliingia baharia, akaona bandari nyingi za dunia, kisha akarudi nyumbani na kujishughulisha na mashua za kuchukua abiria baina ya meli na pwani. Huko bandarini na kwenye mpira ndiko alikojulikana na watu wa Ng'ambo. Akaingia katika Jumuiya ya Waafrika na akawa kiongozi wake.

Tarehe yake ya kwanza kubwa ni 5 Februari 1957, siku ilipozaliwa Afro-Shirazi Party kutokana na Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi. Julai mwaka huo huo alimshinda Sheikh Ali Muhsin Barwani katika jimbo la Ng'ambo. Lakini Pemba haikumkubali hivyo. Washirazi wengi wa Pemba walimfuata Mohamed Shamte, na mwisho wa mwaka 1959 wakatoka na chama chao, ZPPP. Katika uchaguzi wa Julai 1963, ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Muungano wa ZNP na ZPPP ukaunda serikali, na Shamte, Mpemba, akawa Waziri Mkuu.

Uhuru ulipatikana 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, 12 Januari 1964, serikali ile ikapinduliwa, na Mzee Karume akawa Rais. Hapa ndipo somo la tarehe linapoanza. Siku ya 12 Januari ikawa sikukuu ya dola. Siku ya 10 Desemba ikafutwa katika kalenda kama kwamba jua halikuchomoza siku ile.

Kwa nini tarehe? Jibu langu ni hili. Katika utawala wake wote, kuanzia 1964 mpaka alipouawa, Zanzibar haikufanya uchaguzi hata mmoja. Penye sanduku la kura, chama huhesabu watu wake kwa kura. Pasipo sanduku, huwahesabu kwa maandamano. Nani amekuja, nani hakuja, tawi gani limeleta watu wengi, skuli gani imepanga wanafunzi vizuri. Sherehe ya kila mwaka ikawa ndiyo uchaguzi wa kila mwaka, isipokuwa mgombea alikuwa mmoja na mshindi akijulikana.

Tusimdhulumu Mzee. Chini yake elimu ilitangazwa kuwa bila malipo mwezi Septemba 1964, na siku ile nayo huadhimishwa hadi leo. Matibabu yalikuwa bure. Mwaka 1965 aliwagawia wakulima ardhi eka tatu tatu. Majumba ya ghorofa yalijengwa Michenzani, na Pemba nako yakafika. Mtoto wa mkulima wa karafuu aliyesoma bila ya ada hawezi kusema hakupata kitu.

Lakini tusimdhulumu Mpemba pia. Katika miaka ya mwanzo ya Mapinduzi watu wazima walichapwa bakora hadharani katika kisiwa kile, mbele ya watoto wao. Mwishoni mwa utawala wake chakula kilikuwa adimu, na njaa ile wazee wetu bado wanaihadithia. Hata wenzake wa ASP hawakusalimika. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff walirudishwa Zanzibar mwaka 1969 na hawakuonekana tena. Watu hao hawana siku, wala kaburi linalojulikana.

Mzee Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, 7 Aprili 1972. Akazikwa hapo hapo, na kila ifikapo siku hiyo viongozi hukusanyika kumsomea hitma. Miaka mitano baadaye, walipounganisha ASP na TANU, wakubwa walichagua tarehe 5 Februari 1977 ili CCM izaliwe siku ile ile iliyozaliwa ASP, miaka 20 kamili. Amefariki, lakini tarehe zake zinaendelea kuitisha watu.

Sasa twende kwenye siku ya pili. Tarehe 27 Januari 2001, wafuasi wa CUF waliandamana kudai uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe na katiba ibadilishwe. Wete, Micheweni na Chake Chake risasi zikapigwa. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja vifo 31. Human Rights Watch ilisema si chini ya 35. Zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Kenya, wengi wao Shimoni. Na Rais wa Zanzibar wakati huo alikuwa Amani Abeid Karume, mtoto wa Mzee.

CUF ikafanya kile ilichojifunza kwa ASP. Ikaiweka 27 Januari katika kalenda yake, kwa dua, mikutano na maandamano. Mbinu hii si ngeni kwa Waislamu. Iran mwaka 1978, waliouawa Qum mwezi Januari walisomewa arobaini yao Tabriz mwezi Februari, wakauawa wengine, na arobaini yao ikaleta maandamano mengine, mpaka mfalme akakimbia. Nasi wa Dar es Salaam tunayo Mwembechai, Februari 1998.

Lakini dola iliyozoea kuita watu kwa tarehe yake haipendi watu waitane kwa tarehe yao. Tarehe 27 Januari 2015, Profesa Ibrahim Lipumba na wafuasi wake walikamatwa Dar es Salaam walipotaka kwenda Mbagala Zakhem kuwakumbuka marehemu wale. Wiki mbili tu kabla ya hapo, dola ilikuwa imepita na magwaride yake ya Mapinduzi bila ya kuombwa kibali na mtu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hoja yangu ni nyepesi. Kama ni halali kumkumbuka Mzee Karume kwa hitma kila 7 Aprili, na ni halali, basi ni halali pia kuwakumbuka wale wa Wete na Micheweni kila 27 Januari, kwa hitma na kwa miguu barabarani. Maiti hawana vyama. Serikali ikiitambua siku ile rasmi itapoteza nini? Haitapoteza ila woga.

Na kwa ndugu zangu wa upinzani ninalo neno pia. Tarehe inaweza kugeuka mtaji. Mjane wa 2001 huitwa jukwaani Januari, Februari akasahauliwa na mwaka wa uchaguzi akakumbukwa tena. Kumfanyia hivyo ni kumtumia, kama wanafunzi wanavyopangwa juani kwa ajili ya gwaride la wakubwa. Anayeitisha maandamano kwa jina la marehemu aeleze kwanza mayatima wake wanakula nini.

Tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana na kuanza maridhiano. Mtoto wa Mzee aliyekuwa madarakani siku ya risasi alikaa na kiongozi wa waliopigwa risasi. Watu wa Pemba walipumua. Ajabu ni kwamba siku hiyo haina gwaride wala maandamano, wala hakuna chama kinachogombania kuiadhimisha. Mimi naihesabu. Januari hii nikimaliza 12 na 27, nitawahadithia wanangu na hiyo.

Wabillahi Tawfiq.