Bibi Aliyewaondolea Lawama Wazazi wa Mabinti

Ni wanawake wangapi katika mitaa yetu walioletewa mke mwenza, au kupewa talaka, kwa kuzaa mabinti watupu? Aliyevumbua kwamba lawama hiyo haina msingi ni mwanamke wa Marekani, ambaye mwenyewe hakuolewa wala kuzaa: Nettie Maria Stevens.

Alizaliwa mwaka 1861 huko Cavendish, jimbo la Vermont, binti wa seremala. Alifundisha shule kwa miaka mingi huku akidunduiza fedha za masomo, na alipoingia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1896 alikuwa na miaka 35, umri ambao wengi wetu huona elimu imekwisha tupita. Udaktari wake aliupatia Chuo cha Bryn Mawr mwaka 1903.

Siku hizo wataalamu walitatizwa na jambo moja. Ndani ya chembe za mwili mna vijiuzi viitwavyo kromosomu, navyo huwa jozi jozi. Lakini mwaka 1891 Mjerumani Hermann Henking aliona, katika mbegu za kiume za mdudu fulani, kromosomu moja isiyo na mwenziwe. Asijue ni kitu gani, akaiita X. Baadaye wako waliodhani kuwa hiyo ndiyo imfanyayo kiumbe awe dume.

Bibi Stevens akainamia hadubini, akamchunguza mbawakawa wa unga, ambaye mabuu yake huharibu nafaka ghalani. Jike alikuwa na kromosomu 20 kubwa. Dume alikuwa na kubwa 19 na moja ndogo mno. Mbegu za dume basi zilikuwa za namna mbili: nusu zina 10 kubwa, nusu zina 9 kubwa na ile ndogo. Yai likipata ya kwanza, huzaliwa jike. Likipata ya pili, dume. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1905.

Ile ndogo leo huitwa Y. Nasi wanadamu ni vivyo hivyo: mama hutoa X tu, baba hutoa X au Y, wala hachagui.

Mwaka huo huo Edmund Wilson wa New York alifikia jambo hilo kwa njia yake, na kwa kuwa alikuwa profesa mwenye jina kubwa, vitabu vingi vikampa yeye sifa. Bryn Mawr hatimaye kilimwandalia bibi huyu cheo cha profesa wa utafiti. Hakukikalia. Saratani ya matiti ilimwahi, akafariki Baltimore tarehe 4 Mei 1912, akiwa na miaka 50.