Jemadari na Walio Chini Yake

Ndugu msomaji, upitapo Kitai ukitoka Songea kwenda Mbinga, kumbuka kuwa mwishoni mwa Septemba 1918 jeshi la Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma likitoka Msumbiji, likapita Ungoni kuelekea kaskazini.

Mjerumani huyo alizaliwa mwaka 1870, akafika Dar es Salaam Januari 1914. Kwa miaka minne ya vita Waingereza hawakuweza kumkamata, na kwao Ujerumani akasifiwa kuwa shujaa asiyeshindwa.

Lakini tazama ni nani waliompatia sifa hiyo. Aliposalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Wazungu wake walikuwa 155 tu, na askari Waafrika 1,168. Risasi na vyakula vilichukuliwa vichwani na wapagazi, ambao maelfu yao walikufa njiani kwa njaa na maradhi.

Jemadari alifariki Machi 1964. Mwaka huo huo ndipo Ujerumani Magharibi ilipowalipa askari wazee waliosalia malimbikizo ya mishahara yao. Na wale wapagazi? Wengi wao hata majina hayakuandikwa.

Basi, ewe uliyepewa madaraka, jiulize: ushindi unaojivunia umebebwa na mabega ya nani, na je, umekwisha kuwapa ujira wao?