Efua Sutherland: Msomi Aliyeijengea Ngano Nyumba

Ngano inapochapishwa kitabuni, aghalabu hupoteza nusu ya uhai wake. Maneno ya fanani hubaki, lakini sauti yake, nyimbo za hadhira na vicheko vya wasikilizaji hutoweka. Tatizo hili, ambalo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hukumbana nalo, ndilo alilolishughulikia Efua Theodora Sutherland, msomi na mwandishi wa Ghana.

Sutherland alizaliwa Cape Coast tarehe 27 Juni 1924. Mamake alifariki angali mchanga, akalelewa na nyanyake. Alisomea ualimu nchini mwake, kisha akaenda Uingereza kuendelea na masomo katika Chuo cha Homerton, Cambridge, na baadaye London. Alirejea nyumbani mwaka wa 1951 akawa mwalimu. Mwaka wa 1954 aliolewa na Bill Sutherland, Mmarekani Mweusi, nao wakajaliwa watoto watatu.

Ghana ilipojipatia uhuru mwaka wa 1957, vitabu na michezo ya kuigiza iliyotumika shuleni ilikuwa kwa kiasi kikubwa ya Kiingereza. Sutherland hakuridhika na hali hiyo. Mwaka wa 1958 alianzisha kikundi cha maigizo ya majaribio, na mwaka wa 1961 ukumbi wake, Ghana Drama Studio, ukafunguliwa jijini Accra. Ukumbi huo ulikuwa na ua wa wazi, mfano wa ua wa nyumba za Waakan ambamo ngano husimuliwa. Kuanzia mwaka wa 1963 alikuwa mtafiti katika Taasisi ya Taaluma za Afrika ya Chuo Kikuu cha Ghana, Legon.

Utafiti wake haukuishia maktabani. Alikwenda Ekumfi Atwia, kijiji cha Wafante kilichosifika kwa utambaji. Huko, kwa ushirikiano na wanakijiji, ilijengwa Kodzidan, yaani Nyumba ya Hadithi. Wanakijiji wenyewe ndio waliokuwa mafanani na waigizaji, naye msomi akawa mwanafunzi wao.

Katika utambaji wa Waakan, shujaa maarufu ni buibui Ananse, mlafi mwenye hila, anayeweza kulinganishwa na Sungura wa ngano za Waswahili. Fanani hatawali peke yake. Msikilizaji ana idhini ya kumkatiza kwa wimbo uitwao mboguo, na baada ya wimbo ngano huendelea. Kutokana na kaida hizo Sutherland aliunda aina ya tamthilia aliyoiita Anansegoro. Mfano wake bora ni The Marriage of Anansewa, iliyochapishwa mwaka wa 1975. Humo Ananse anawaahidi watemi wanne binti yake mmoja ili ale zawadi zao; mambo yanapomzidi, anasingizia kwamba binti amekufa. Msimulizi yumo jukwaani akitoa maoni juu ya vitendo vya wahusika, na mboguo zinaimbwa papo hapo. Hivyo, utendaji ukaingia katika maandishi bila kuuawa nayo.

Fauka ya hayo, Sutherland aliwaandikia watoto michezo ya kuigiza, na aliongoza tume ya kitaifa ya watoto. Alistaafu chuoni mwaka wa 1984.

Hata hivyo, ukumbi wake wa Accra ulibomolewa ili kupisha Jumba la Kitaifa la Maigizo, lililofunguliwa mwaka wa 1992. Ukumbi wa mfano huo huo ulijengwa upya Legon, nao ukapewa jina lake. Alifariki tarehe 2 Januari 1996, akiwa na umri wa miaka 71.

Maisha yake yanawakumbusha wataalamu wa fasihi simulizi kwamba kuhifadhi ngano si kuinakili tu. Kinasasauti huweza kuhifadhi maneno. Lakini desturi ya kusimulia huhifadhiwa na watu wanaoketi pamoja, mmoja akitamba na wengine wakiwa na haki ya kumkatiza kwa wimbo.