Askofu Aliyekubali Kufundishwa

Soma: Nehemia 8:1–8, Luka 4:16–19, Matendo 2:1–11

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisomea sheria hadi kupata shahada ya udaktari, akakubaliwa kuwa wakili. Aliiacha kazi hiyo, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana na kuchunga washiriki wa vijijini.

Mwaka 1863 alikuja Afrika pamoja na rafiki yake, Askofu William Tozer. Wamisionari waliowatangulia katika nchi ya mto Shire walikuwa wamepungua sana kwa homa na vifo. Mwaka 1864 misheni ikahamia Unguja. Hapo Sultani aliwakabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza, lakini mwalimu wao hakuijua lugha ya kuwafundishia.

Basi mwalimu akawa mwanafunzi. Steere, daktari wa sheria, aliketi na wenyeji wa Unguja, wengi wao Waislamu, akawauliza maana ya maneno, akasahihishwa, akauliza tena. Aliandika hadithi zao kama walivyozisimulia. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi hizo na kitabu cha kujifunzia Kiswahili. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na vijana waliokuwa watumwa walijifunza kupanga herufi. Mikono iliyokuwa imefungwa minyororo sasa iliandaa kurasa za Maandiko.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja. Misheni ilipata uwanja huo, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Madhabahu ilijengwa mahali ambapo inasimuliwa kwamba ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa.

Mwaka 1874 Steere aliwekwa kuwa askofu. Cheo hakikumwondoa katika kazi ya mikono wala katika meza ya tafsiri. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliowekwa huru kurudi bara, nao wakaanzisha makazi Masasi. Aliendelea kutafsiri, na kufikia mwaka 1879 Agano Jipya lilikuwa limekamilika. Alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Biblia nzima hakuiona. Wenzake waliikamilisha, ikatolewa mwaka 1891.

Steere hakuitunza Sabato ya siku ya saba, na katika mafundisho mengine pia tunatofautiana naye. Hata hivyo, Mungu hutumia kazi ya mtu mwaminifu kwa kadiri ya nuru aliyo nayo. Mwaka 1903 wamisionari wa kwanza wa Kiadventista walipofika Mamba-Giti, katika Milima ya Upare, Biblia ya Kiswahili ilikuwa tayari imechapwa. Nao hawakuishia hapo. Ernst Kotz alijifunza Chasu kwa Wapare wenyewe na kulitafsiri Agano Jipya, ili bibi wa Mbaga au Suji asikie habari za Yesu kwa lugha anayoitumia jikoni kwake.

Leo Biblia zimejaa nyumbani mwetu, hata katika simu. Hatari yetu ni nyingine: kuwa na majibu kabla ya kumsikiliza jirani. Tunaweza kushuka mlimani hadi Same mjini, tukamkuta mfugaji, mfanyabiashara au kijana asiye na kazi, tukamhubiria bila kujua kinachomlemea. Walawi wa siku za Nehemia walisoma, kisha wakahakikisha watu wameelewa. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia kwa lugha yake. Yeye anayepeleka Neno hana budi kwanza kukaa chini na kujifunza.

Maswali ya Kujadiliana

1. Kwa nini ni vigumu kwa mtu mwenye elimu au cheo kanisani kukubali kufundishwa na wale anaowahubiria?

2. Ni nani katika mtaa wenu ambaye bado hajasikia injili kwa maneno anayoyaelewa? Darasa lenu litafanya nini juma hili ili kumsikiliza kwanza?

3. Steere hakuiona Biblia nzima aliyoianza. Ni kazi gani ya Mungu uko tayari kuianza, hata kama wengine ndio watakaoimaliza?